Kisu kidogo cha mlimani, bajeti elfu 60: nichukue Mora ya mtumba au nichongeshe kwa fundi?

mpishi_kambini (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Mi ni mpishi msaidizi, napanda mlima Kilimanjaro na kampuni moja ya hapa mjini na msimu huu namshukuru Mungu tripu zipo. Shida yangu kisu. Nilikua na kile cha kukunja cha elfu 7 nilinunua stendi, sasa juzi tuko kambi ya Shira nikafungua kopo la nyanya kwa ncha yake (najua, najua, msinitukane) loki ikaachia kikajifunga na kidole changu kikiwa ndani. Siku nne zilizobaki nimemenya viazi kidole kimefungwa plasta na mfuko wa nailoni juu, na wageni wanauliza kila mlo "are you ok?"

Kwahiyo vya kukunja basi, nataka kisu kizima, kidogo, cha kukaa kwenye begi. Nina vitu vitatu mbele yangu:

Kuna jamaa anaongoza watalii anauza Mora, kisu cha kiwandani cha Ulaya, aliyoachiwa na mgeni, mpini wa plastiki wa kijani, anataka elfu 55. Kuna fundi kule Mamba wanakofua mikuki anasema atanipigia cha springi ya gari kwa elfu 25 bila ala. Alafu kuna vile vyeusi vya mtandaoni vya kikomando vina meno mgongoni, elfu 40 na tochi juu.

Na swali la pili, hicho nitakachochukua naweza kukiboresha mwenyewe mpini na ala? Ningependa kiwe na mpini wa mpingo, siwafichi.

---

Mzee wa Umbwe

Mangi pole na kidole. Cha kikomando kiache hukohuko mtandaoni, yale meno mgongoni hayakati kitu zaidi ya begi lako mwenyewe.

Kabla hujaangalia bei jiulize kisu utakifanyia nini. Watu tunaangalia video za wazungu wanapasua magogo kwa kisu tunadhani ndo kazi ya kisu cha porini. We uko Kilimanjaro, kuni haziruhusiwi kule, unapikia gesi, utapasua gogo gani? Kazi yako ni vitunguu, karoti, kuku, kukata kamba ya hema, kufungua gunia, kukata tepu ya kiatu cha mgeni kilichoachama soli. Hizo zote zinataka kisu chembamba. Chukua kisu nene milimita 5 ukate nacho karoti uone, haikatiki bali inapasuka paa, nusu moja inarukia kwenye hema la kulia wageni.

Mora ni ya Sweden, jina la mji wenyewe inapotengenezwa. Hiyo ya plastiki ya kijani nadhani ni ile aina inaitwa Companion, na kama ni ya stenlesi bapa lake lina milimita 2.5 na urefu sentimita kama 10. Kazi yako hiyo hiyo. Ukienda kukiangalia fanya hivi: shika mpini mkono mmoja, bapa mkono mwingine ukiwa umelizungushia kitambaa, tikisa. Kikicheza acha. Alafu kitazame kwa mbele kama unaangalia mstari wa bunduki, kimenyooka? Na angalia bapa limebakia pana kiasi gani, maana mgeni mwingine kanoa mpaka kamaliza. Vikiwa sawa, elfu 55 ni nyingi kwa mtumba, mwambie 40, atakuja 45.

---

chuma_moto (Arusha, Unga Ltd)

Mzee nakuheshimu ila msituue mafundi na Mora zenu. Springi ni chuma kizuri sana, lori limebebwa na hicho chuma miaka ishirini kwenye barabara ya vumbi na hakijavunjika, we unaogopa karoti?

Sema nitakua mkweli maana hii ndo kazi yangu. Visu vingi vya springi vinavyouzwa ni vibovu kwa sababu mbili na zote ni za fundi. Ya kwanza ni unene, springi ina milimita 6 mpaka 8 na kupunguza ni jasho na mkaa, kwahiyo fundi anapunguza kidogo anakupa shoka lenye jina la kisu. Mwambie kabisa mgongo usizidi 3, na nenda na rula, usione aibu. Ya pili ni kuzimisha, yaani kupoza chuma cha moto kwa ghafla ili kiwe kigumu. Springi ilivyotoka kwenye gari ina ugumu wa kupinda na kurudi, ugumu wa makali ni mwingine. Inatakiwa ipashwe kwenye moto mpaka sumaku isishike, izimishwe kwenye oili, SIO maji, kwenye maji inapasuka ufa mdogo usiouona mpaka siku ya siku. Hapo inakua ngumu kama chupa, tupa inateleza juu yake. Sasa wengine wanaishia hapo wanakupa, kikidondoka kwenye jiwe kinakatika. Lazima kirudishwe kwenye joto dogo kama nyuzi 200, kwa muda wa saa mbili, oveni ya kawaida ya mandazi inatosha, mpaka chuma kilichong'arishwa kiwe na rangi ya nyasi kavu.

Fundi wako muulize tu "unazimisha na nini na baada ya hapo unafanyaje". Akijibu maji na anakupa kesho, shukuru uondoke. Akikueleza hayo, 25 ni bei ya kindugu.

---

kiti_cha_nyuma

Kwahiyo mpishi kafungua kopo na kidole chake. Tunakula nini tukipanda na nyie 😂

---

Mzee wa Umbwe

@chuma_moto sijakataa, wewe ningekuletea. Lakini springi inashika kutu mzee. Msitu wa Machame mvua siku nzima, kisu kiko kwenye begi lililolowa, asubuhi kina madoa ya kahawia na wewe unakata nacho parachichi la mgeni.

---

chuma_moto

Kutu ni uvivu. Menyea nacho ndizi mbichi za machalari wiki moja bila kukisugua kwa steli wire, ule utomvu unakifanya cheusi chote na kikishakua cheusi kutu inapungua sana. Bibi zetu visu vyao vyote vilikua vyeusi na hakuna aliyekufa. Ila sawa, kwa mtu wa mlimani ambaye hana muda wa kufuta na kupaka mafuta ya kula kila usiku, stenlesi. Nimeshindwa hapo tu.

---

mama_ngozi (Tengeru)

Nachangia upande wa ala maana nashona ngozi na watu wengi wananiletea Mora niwashonee ala nzuri. Kaka yangu wewe ni mpishi, usinunue ala ya ngozi. Nakunyima biashara yangu mwenyewe lakini ukweli ndo huo. Kisu cha chakula kinaingia na maji ya nyama na vitunguu, ngozi inakunywa vyote na haioshwi ikaoshika, baada ya tripu mbili ile ala inanuka kama bucha saa kumi jioni. Na ngozi ikishalowa haikauki kule juu, kisu kinalala kwenye unyevu.

Ala ya plastiki ya Mora ni mbaya kwa sura lakini chini ina tundu la kutoa maji, unamwagia maji ya moto, unakung'uta, kwisha. Angalia tu kama bado inabana, geuza kichwa chini utikise, kisu kikitoka zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kipande cha vidole viwili, ukiwa umeingia nusu kwenye ala na nusu kwenye mpini, hapo hata ukidondoka nacho hakitoki. Tyubu hiyohiyo ivishe na kwenye mpini kama mkono unateleza, pulizia maji ya sabuni ndo iingie.

Na tafadhali kikae ndani ya begi sio kiunoni ukiwa stendi. Wamasai wana sime zao na watu wameshazoea, wewe na jaketi lako la mlima utaulizwa maswali.

---

mpishi_kambini

Nimesoma yote jamani asanteni sana. Nimeenda leo, nimetikisa na kitambaa kama mzee alivyosema jamaa akaniangalia kama nimechanganyikiwa, kiko imara. Ni stenlesi imeandikwa kwenye bapa. Tumemalizana 45.

Sasa makali yamechoka, na kuna rafiki yangu ana grainda anasema anakinoa dakika mbili na kunyoosha mgongo uwe na kona kali za kuwashia moto. Na ule mpini wa mpingo vipi?

---

chuma_moto

GRAINDA USIGUSE. Naandika kwa kelele makusudi. Nilivyokua najifunza kazi niliharibu kisu cha mteja hivohivo, nilikua nanoa huku naongea na simu, nikaona ncha imekua ya zambarau alafu bluu, sentimita mbili hivi. Nikaing'arisha ikawa nyeupe nikamrudishia nikajifanya sijui. Akarudi baada ya wiki, ncha imejikunja kama kijiko kwa kukata mfupa wa kuku. Ile bluu ni chuma kimeshalainika, kung'arisha kunaondoa rangi tu. Nilimlipa.

Noa kwa mkono. Nunua msasa wa maji namba 400, 800 na 1500, bandika kwenye kipande cha kioo au tailsi iliyonyooka. Angalia makali ya Mora, kuna uwanja mmoja mpana wa mteremko mpaka kwenye ncha ya makali. Laza huo uwanja wote kwenye msasa, usikisie nyuzi, kisu chenyewe kinakuonyesha pembe. Paka maka peni kwenye mteremko kabla ya kuanza, ukisugua mara tano uangalie, wino ukibaki pembeni ya makali basi unakilaza mno, ukibaki upande wa mgongo unakiinua. Maji kidogo kidogo. Ukihisi kijinywele cha chuma upande wa pili geuza. Mwisho mkanda wako wa ngozi, vuta kwa kurudi nyuma mara ishirini kila upande.

Mgongo kuuchonga ni wa kuwashia cheche kwa kile kijiti cha moto. Una kiberiti na gesi, wa nini?

---

Mzee wa Umbwe

Mpingo kwenye hiyo Mora usiuweke. Msuka wake, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, umefunikwa na plastiki na haufiki mwisho wa mpini, ukianza kuipasua ujue umeharibu kisu kizima kwa ajili ya uzuri. Na kule kambi ya Barafu saa tano usiku ukishika plastiki na mpira mkono unakushukuru.

---

chuma_moto

Kama roho yako iko kwenye mpingo, mi nikuandalie bapa la springi la nyumbani lenye msuka mpana mpaka mwisho, matundu mawili. Vipande vya mpingo omba kwa wachonga vinyago, vile wanavyotupa vinatosha. Ule mti una mafuta yake kwahiyo futa kwa spiriti kabla ya gundi la sivyo unabanduka, na ukiusugua funga pua, vumbi lake linawasha. Pini tumia waya nene wa shaba. Mwisho nta ya nyuki.

---

mpishi_kambini

Wakuu mrejesho. Nimetoka mlimani juzi, Machame siku saba. Nimenoa na msasa jioni mbili nikiwa naangalia mpira, ya kwanza nikawa nakiinua maka peni ikanisema, ya pili kikakubali, kinanyoa nywele za mkono. Nimevisha tyubu kwenye mpini na kwenye ala.

Siku ya tatu mvua, mpishi mkuu akaomba kisu akate nyama, hakunirudishia mpaka geti la Mweka. Anasema ananipa 60.

@chuma_moto nakuja Jumamosi na rula.