Mrejesho: bisibisi iliyokosekana kwenye sanduku la zana

Nawashukuru kwa majibu. Niliuliza kama ndege ndogo aina ya Cessna Caravan inaweza kuruhusiwa kuruka iwapo bisibisi moja haionekani baada ya matengenezo, ilhali rubani ameshaizunguka ndege na hakuona kasoro. Mhandisi wetu mkuu alikataa kutia saini, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi, kwa kuwa ukaguzi wa rubani kabla ya safari huishia pale macho na mikono yake inapofika, yaani mafuta, matairi, propela na mabawa, wala haufichui kilicho nyuma ya paneli iliyokwisha kufungwa. Tulifungua upya sakafu, tukaikuta bisibisi imelala kando ya nyaya zinazoendesha usukani.

Mmoja wenu alitaja ndege kubwa ya Airbus A380 ya Qantas, shirika la ndege la Australia, ambayo mwaka 2023 ilitoka matengenezoni Los Angeles ikiwa na kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25 ndani ya injini, ikaruka safari 34 kabla hakijagunduliwa. Kinachoniudhi ni kwamba kukosekana kwake kulishajulikana ndege ilipoachiliwa.

Sasa kila zana yetu ina nafasi iliyokatwa kwenye sponji, na anayeichukua huacha kibati chenye namba yake.