Kidonge cha kamera: betri au zinki?

Pwani Tupu: Nauliza wana Lamu. Kidonge cha kamera, kile kinachomezwa kupiga picha utumbo, kina urefu wa milimita 26, ndani betri mbili za oksidi ya fedha, volti 1.55 kila moja, kazi yake saa 8 hivi. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitia zinki na shaba tumboni mwa nguruwe, asidi ya tumbo ikazalisha umeme kama siku 6. Huduma hii ikifika kwetu, tukubali kumeza betri au tusubiri zinki?

Bint Shela: Watoto wanaunguzwa koo na betri bapa za rimoti, leo tuzimeze kwa risiti?

Fundi wa Mkomani: Dada, usichanganye. Betri ya volti 3 ikikwama kooni, mate yanapitisha umeme na upande wa hasi unatengeneza kostiki, ile ya kupikia sabuni. Saa 2 zinatosha kuchoma, hata kama haijavuja. Ya kidonge imefungiwa ndani, mate hayaifikii. La kuogopa ni kidonge kukwama utumbo uliposinyaa, na MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, usiisogelee mpaka kitoke. Hiyo zinki ni ndimu na msumari wa bati tu, mchezo wa watoto wa shule.

Nahodha Mstaafu: Mchezo? Kipande cha zinki hiyohiyo, kilichofungwa kwa bolti, ndicho kinacholinda mashine ya boti yako. King'oe uone alumini inavyoliwa.

Kijana wa Langoni: Na kampuni ya Proteus ya Marekani walishauza kidonge cha namna hiyo, kibali walipata 2017.

Fundi wa Mkomani: Kihisi chao, kidude cha kutuma ishara, kilipata kibali 2012. 2017 ni dawa yenye kihisi ndani, Abilify MyCite ya magonjwa ya akili. Umeme wa magnesi na shaba, wa dakika chache, ishara inadakwa na kibandiko cha ngozini. Kampuni ikafilisika 2020.
Ami Nahodha, zinki sikuitukana, nazungumzia nguvu. Kwa yule nguruwe ni wastani wa mikrowati 0.23 kwa milimita ya mraba. Kamera yataka kama miliwati 20, yaani mikrowati 20,000. Piga hesabu: bapa la sentimita 30 kwa 30, sinia ya pilau! Ile ya MIT ilipima joto tu na kutuma redio kila sekunde 12.

Bint Shela: Na nguruwe mmemtia wa nini?

Pwani Tupu: Tumbo lake lakaribiana na letu. Hakuna aliyekukaribisha kumla.

Nahodha Mstaafu: Sinia nimekubali. Sasa mbona nyinyi mafundi mwapaka rangi juu ya zinki?

Fundi wa Mkomani: Si mimi! Ikipakwa rangi, maji hayaigusi, haina kazi. Hata chini ya bolti yapasa kusuguliwa mpaka chuma king'ae.

Nahodha Mstaafu: Na ikiliwa nusu, badilisha. Maji ya chumvi zinki, maji matamu magnesi.

Kijana wa Langoni: Boti ikipwelewa je?

Nahodha Mstaafu: Zinki iliyo nje ya maji hailindi kitu, mwanangu. Unapoinua mashine, osha kwa maji matamu.

Bint Shela: Kwa hiyo kidonge nimeze au nisimeze?

Kijana wa Langoni: Zinki za Yamaha zapatikana wapi hapa Amu?