Gari la mkopo lina mikwaruzo: nilirudishe, wapige rangi, au nichukue punguzo? (Uingereza)

Baba Ilham
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka maana nyumbani hatuelewani. Nipo Uingereza, nimechukua gari la mkono wa pili kwa mkopo. Ni la 2018, limetembea maili 46,000, bei pauni 11,495, rangi nyeusi. Jumapili nililiosha mwenyewe kwa mara ya kwanza, jua limewaka, ndipo nikaona. Mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mrefu kupita kiganja, ukipitisha ukucha unakwama. Bampa la nyuma limebonyea kwenye kona, na rimu mbili zimechubuka. Injini na gia viko safi.

Muuzaji anasema nilipeleke wapige rangi, au anipe pauni 150 tuyamalize. Mke wangu anasema turudishe gari. Kati ya hayo matatu mngefanya lipi?

Fundi Chuma
Mimi kazi yangu ni bodi. Chukua hela, ila si hiyo 150. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha umeshatoboa klia (tabaka angavu la juu linalolinda rangi), hauondoki kwa polishi. Mlango unapigwa rangi wote, na kwa gari jeusi unafifiza hadi paneli ya jirani ili rangi zifanane. Kwa 150 hata mlango peke yake haumaliziki, achilia mbali bampa na rimu. Zungusha gari kwa mafundi wawili watatu, pata makadirio ya maandishi, mpelekee muuzaji. Akilipa, tafuta fundi wako mwenyewe. Fundi wa muuzaji analipwa kidogo na anaharakishwa.

Bi Rehema
Ndugu, kabla hujashauriwa lolote jibu haya, maana umeacha yale yanayobeba shauri zima:
1. Ulikabidhiwa gari tarehe ngapi?
2. Mkopo gani? HP (unalipa kila mwezi mpaka gari liwe lako), PCP (aina ya HP ambayo mwishoni unachagua kulirudisha gari au kulipa kiasi kikubwa cha mwisho libaki lako), au mkopo wa benki uliouchukua mwenyewe?
3. Uliliona kabla ya kusaini? Ulisaini karatasi yoyote ya ukaguzi?
4. Tangazo lilisemaje kuhusu hali ya bodi?

Kipepeo_M
Kurudisha ni rahisi, una siku 14 za kujitoa kwenye mkopo. Andika barua, wakabidhi funguo, umemaliza.

Bi Rehema
Hapana Kipepeo, hilo limewaumiza wengi. Siku 14 ni za kujitoa kwenye *mkopo*, si kwenye gari. Ukijitoa, gari linabaki mikononi mwako na unadaiwa pesa yote uliyokopeshwa, uilipe ndani ya siku 30. Haki ya kulikataa gari lenyewe ni jambo lingine kabisa. Iko kwenye Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015, na hiyo ina siku 30 tangu ukabidhiwe. Ndiyo maana nimeuliza tarehe.

Baba Ilham
Samahani dada, nilikuwa kazini. Mkopo ni wa kawaida tu, nalipa kila mwezi kwa miaka minne. Gari nililifuata mwenyewe, ilikuwa saa kumi na mbili jioni, giza na mvua inanyesha. Karatasi nilisaini, sikuisoma sana. Kama wiki tatu zilizopita.

Bi Rehema
"Wa kawaida" haitoshi. Fungua mkataba, ukurasa wa kwanza juu kabisa. Na "kama wiki tatu" pia haitoshi. Nahitaji tarehe.

Mzee wa Gia
Mwanangu, usikubali wapige rangi bila maandishi. Nakueleza yaliyonikuta mimi.

Nilichukua gari la rangi ya fedha, PCP kama wengi. Mlango wa dereva ulikuwa na mkwaruzo, muuzaji akaniambia kwa simu "lete Jumatatu, Jumatano utalichukua". Nikapeleka. Walikaa nalo wiki tatu, mkopo unakatwa, nami napanda basi. Siku ya kulichukua nikaona linang'aa, nikashukuru, nikaondoka. Usiku nikasimama kituo cha mafuta, zile taa nyeupe za juu zikalipiga ubavuni. Mlango ulikuwa mweupe kuliko gari zima, kama umetoka kwenye gari jingine. Nikapitisha kidole, nikasikia chembechembe kama mchanga, vumbi lilinaswa ndani ya rangi. Mpira wa dirisha ulikuwa na mstari wa rangi kwa sababu hawakuufunika vizuri.

Nikampigia, akasema ndivyo rangi ya fedha ilivyo, itatulia. Haikutulia. Baridi ilipoingia na chumvi ya barabarani, klia ikaanza kuinuka ukingoni mwa mlango, unaibandua kwa kucha kama ganda la kitunguu. Muuzaji akasema dhamana yake haihusu rangi. Nikaenda kwa kampuni ya mkopo, mwezi wa tano huo. Swali lao la kwanza: "Ulitujulisha lini?" Sikuwa nimewajulisha. Sikuwa na barua, sikuwa na picha ya kabla, kila kitu nilikimaliza kwa simu. Na mwisho wa mkataba nilipolirudisha gari, mkaguzi akaja na karatasi yake, akauandika mlango ule ule kama uharibifu wangu. Nikalipishwa. Nililipia mkwaruzo ambao sikuukwaruza, na rangi ambayo sikuipiga. Miaka imepita na bado linaniuma.

Nyota Njema
Pole sana mzee. Hapo kwenye kurudisha watu wengi hawapafikirii kabisa. Kwa PCP gari likirudi linakaguliwa, na uchakavu uliozidi kawaida unautolea pesa. Kwa hiyo Baba Ilham, kama ni PCP, hata ukiamua kukaa nalo lazima kampuni ya mkopo iwe na picha za mikwaruzo hiyo sasa hivi, zenye tarehe.

Chui Mweusi
Jamani, ni gari la mkono wa pili, lina miaka yake na maili 46,000. Mikwaruzo ni sehemu ya gari la zamani. Mnampa mwenzetu matumaini yasiyokuwepo. Alisaini, basi.

Bi Rehema
Chui, nusu uko sahihi. Sheria inataja wazi kwamba ubora ni pamoja na mwonekano, umaliziaji na kutokuwa na kasoro ndogo ndogo. Lakini inapimwa kwa bei, umri na maelezo ya gari, hivyo kwa gari la mkono wa pili mkwaruzo mdogo haukufikishi mbali. Tena, ukikagua gari kabla ya kusaini na kasoro ilikuwa ya kuonekana kwa ukaguzi huo, kwa hoja ya *ubora* huna la kudai. Hapo karatasi aliyosaini Baba Ilham inamtia shida.

Lakini kuna hoja ya pili, gari lifanane na *maelezo* yaliyotolewa. Kile kipengele cha ukaguzi kimeandikwa kwa ajili ya ubora. Muuzaji akisema "bodi haina mkwaruzo" na mkwaruzo upo, hilo ni dai tofauti linalojitegemea. Ndiyo maana swali la nne nililiuliza na bado sijajibiwa.

Baba Ilham
Nimefungua mkataba. Juu imeandikwa HP, na chini yake PCP. Tarehe ya kukabidhiwa ni tarehe 2, leo 26. Tangazo wameshalitoa mtandaoni, ila mke wangu alilipiga picha kwenye simu siku ile tunachagua. Limeandika "bodi safi kabisa, haina mkwaruzo wala mbonyeo". Na muuzaji alinitumia video WhatsApp, kazunguka gari lote, upande wa kushoto kaupita haraka mno.

Bi Rehema
Mpe mkeo shukrani zake leo hii.

Sasa sikiliza. Kwa HP na PCP mwenye gari ni kampuni ya mkopo. Kisheria ndiyo iliyokupa gari, na maneno ya muuzaji kabla ya mkataba yanaibana nayo. Kwa hiyo unaiandikia kampuni ya mkopo, nakala kwa muuzaji. Leo, kwa barua pepe, si kwa simu. Useme gari halikufanana na maelezo, uambatishe tangazo, video na picha, na useme wazi kama unalikataa. Tangu tarehe 2 zimebaki siku chache sana.

Ukilikataa ndani ya siku 30, ni wewe unayetakiwa kuonyesha kasoro ilikuwepo ulipokabidhiwa. Zikipita, bado una haki ya matengenezo, na ndani ya miezi 6 ya mwanzo kasoro inachukuliwa kuwa ilikuwepo mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Wakishindwa kutengeneza mara moja, unarudi kwenye punguzo au kulirudisha, ila kwa gari wanaweza kukukata kwa matumizi uliyopata.

Na usisimamishe malipo ya mwezi. Ukiacha kulipa, alama mbaya inaweza kukaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo.

Kipepeo_M
Akikubali wapige rangi si siku 30 zinapotea?

Bi Rehema
Akiomba au akikubali matengenezo, hesabu inasimama. Akirudishiwa gari anaendelea na siku zilizobaki, na zikiwa pungufu ya 7 anapewa 7. Lakini awe na maandishi yanayoonyesha siku aliyokubali. Mzee wa Gia aliangukia hapo.

Chui Mweusi
Mimi ndiyo maana sichukui PCP. Kopa benki, lipa taslimu, gari ni lako, hakuna mkaguzi wa kukuandikia mikwaruzo.

Nyota Njema
Na ukikuta kasoro unabaki na muuzaji peke yake, benki haikujui. Akifunga biashara umekwama. Mimi kila gari nalipa walau sehemu ya amana kwa kadi ya mkopo. Sheria ya Mikopo ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa gari zima, hata ukilipa kidogo tu kwa kadi, mradi bei izidi pauni 100 na isivuke 30,000.

Chui Mweusi
Wauzaji wengi hawapokei kadi ya mkopo.

Nyota Njema
Wapo wanaopokea amana. Uliza kabla.

Fundi Chuma
Turudi kwenye gari la mwenzetu. Baba Ilham, azima kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa karibu maikroni 100 hadi 180. Pima milango yote minne na boneti. Bampa achana nalo, ni plastiki, kipimo cha kawaida hakisomi.

Baba Ilham
Jirani anacho, nimepima asubuhi hii. Milango mitatu inasoma 115 hadi 130. Ule wenye mkwaruzo unasoma 390 juu, na chini karibu na kizingiti 900 na zaidi.

Fundi Chuma
Hiyo 900 ni puti, ile lipu ya kujazia bodi iliyobonyea. Mlango huo uligongwa ukanyooshwa, ndipo ukaja kukwaruzwa tena juu yake. Angalia bolti za bawaba kama rangi yake imekatika, na nafasi kati ya mlango na nguzo kama ni sawa juu na chini. Halafu lipia ripoti ya historia, uone kama bima iliwahi kuliandika Cat N au Cat S, yaani gari lililofutwa na bima baada ya kuharibika (S ni muundo wa gari uliguswa, N haukuguswa).

Bi Rehema
Piga picha kipimo kikiwa kimegusa mlango, namba isomeke, na nyingine ya mlango wa pili. Umeshatuma barua?

Baba Ilham
Nimetuma jana saa nne usiku, nimesema nalikataa gari. Leo muuzaji kapiga simu mara mbili, sasa anasema pauni 400. Nimemwambia aandike. Kampuni ya mkopo wamejibu kwamba wamefungua malalamiko, wana hadi wiki 8.

Bi Rehema
Zikipita wiki 8 bila jibu la mwisho, au jibu likikuumiza, unakwenda Financial Ombudsman, mwamuzi huru wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha. Ni bure, na una miezi 6 tangu siku ya jibu hilo. Picha za kipimo zitume leo kama nyongeza kwenye barua ile ile.

Mzee wa Gia
Na usiliendeshe sana. Ukishasema unalikataa, kila maili watakuuliza.

Baba Ilham
Sawa mzee, nimeliegesha. Ila kazini ni maili 14 na zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri, basi la kwanza halijaanza. Nikiliendesha kwenda kazini tu, nimeharibu kila kitu?