Mdhamini yuko Kigoma, nyumba iko Leeds

Kutoka: Binti wa Gungu, Leeds

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Naomba msaada wa mawazo. Mimi na wenzangu watatu tumepata nyumba karibu na chuo, na fungu langu la kodi ni pauni 650 kwa mwezi. Wakala anataka kila mmoja wetu alete mdhamini. Wenzangu wana wazazi huku huku Uingereza. Mimi nimemtaja mjomba, ana boti za dagaa pale Kibirizi na nyumba yake Mwanga, tena amekubali bila hata kuuliza swali. Wakala kajibu mstari mmoja tu: mdhamini awe mkazi wa Uingereza.

Je, nimwombe mjomba anitumie kodi ya miezi sita nilipe yote mbele, kama walivyofanya walionitangulia? Na kama ipo njia ya kumfanya akubalike, atume vielelezo gani?

*

Kutoka: Kaka wa Ujiji, Birmingham

Marahaba mdogo wangu.

Hilo la miezi sita liweke kando kwanza. Zamani ndiyo lilikuwa kimbilio letu sote: huna mdhamini wa hapa, ukoo unachanga, unalipa nusu mwaka, funguo unapewa. Sheria mpya ya haki za wapangaji ya 2025 imebadili mambo kwa England. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mwenye nyumba wa kawaida haruhusiwi kudai wala kupokea zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Hata ukimbembeleza, hawezi kupokea. Lengo ni kumlinda mpangaji, na ni jambo jema, lakini kwa sisi ambao ndugu zetu wako mbali limefunga mlango tuliouzoea, na uzito wote umehamia kwa mdhamini. Mabweni makubwa ya wanafunzi yanayoendeshwa na makampuni yana utaratibu wao, mengi hayaguswi na kipengele hiki, kwa hiyo ukiwa unahamia huko waulize wenyewe.

Sasa kuhusu mjomba. Usichukulie kwamba wamemdharau. Wakala hapimi utajiri wake; anajiuliza siku kodi ikikatika atampata wapi. Mdhamini akiwa Manchester, anapelekwa mahakamani na kazi imekwisha. Akiwa Kigoma, itabidi mwenye nyumba atafute wakili Tanzania na aanze safari ya kuomba hukumu ya Uingereza itambuliwe huko, na gharama inaweza kulimeza deni lenyewe. Juu ya hapo kuna kipimo cha kipato. Mawakala wengi wanataka mdhamini awe na kipato cha mwaka kinachofika mara 36 ya kodi ya mwezi. Kwa pauni 650 hiyo ni pauni 23,400, zaidi ya shilingi milioni 70 kwa mwaka, tena ionekane kwenye karatasi.

Lakini sikiliza: hakuna sheria inayosema mdhamini lazima aishi Uingereza. Huo ni utaratibu wa wakala au wa bima ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mwombe wakala, kwa maandishi na kwa adabu, alifikishe ombi lako kwa mwenye nyumba mwenyewe. Mwenye nyumba mmoja mmoja hukubali, hasa ukiwa na barua nzuri kutoka kwa mwenye nyumba wa mwaka uliopita.

Wakikataa, mlango wa kwanza ni chuo chako. Baadhi ya vyuo vina mpango wa kuwadhamini wanafunzi wao wa kigeni. Usipolipa kodi, chuo kinalipa kisha kinakudai wewe. Ulizia mapema, maana mipango mingine ina mwisho wa kuomba na mingine inadai uwe umemaliza muhula bila deni la ada. Mlango wa pili ni makampuni yanayouza udhamini. Unalipa ada, ambayo hairudi, na kampuni inasimama kama mdhamini wako wa hapa. Hapo ndipo mjomba anapoweza kuingia kihalali, kwa sababu baadhi ya makampuni hayo yanadai nyuma yako asaini mtu mwingine, na huyo anaruhusiwa kuishi nchi yoyote. Wewe ndiye uchague kwenda huko. Wakala akikulazimisha utumie kampuni fulani na uilipe kama sharti la kupata nyumba, mwambie Sheria ya Ada za Wapangaji ya 2019 haimruhusu.

Sheria hiyo hiyo inakupa hesabu nyingine za kushika. Pesa ya kushikilia nyumba isizidi kodi ya wiki moja, kwako ni pauni 150. Amana isizidi wiki tano, yaani pauni 750, na ndani ya siku 30 iwe imewekwa kwenye mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali. Mtu akikwambia lipa zaidi "kwa sababu mdhamini wako yuko nje", anakutoza kinyume cha sheria.

Nimebakiza jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikae kuandika. Umesema mko wanne. Mkataba wenu ni mmoja au ni minne? Kama ni mmoja, karibu kila mara utaandikwa kwamba mnawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, wenzako wakiacha chuo na kuondoka, mwenye nyumba ana haki ya kukudai wewe kodi ya nyumba nzima, pauni 2,600 kwa mwezi, na mdhamini wako anafuata nyuma yako. Mjomba anadhani anamdhamini mtoto wa dada yake. Karatasi inaweza kuwa inamfunga kwa vijana watatu ambao hajawahi kuwaona, na kwa ukuta watakaoutoboa. Omba dhamana iandikwe kikomo: fungu lako tu, kiasi cha juu kitajwe kwa tarakimu, na mwisho wake utajwe. Hili la mwisho sasa ni muhimu kuliko zamani, kwa sababu chini ya sheria mpya mikataba ya muda maalumu imeondolewa, upangaji unaendelea mwezi hadi mwezi mpaka mpangaji atoe notisi ya miezi miwili. Dhamana isiyo na mwisho nayo itaendelea.

*

Kutoka: Jirani yenu wa Lyon

Naongeza la Ufaransa kwa ufupi, kwa kuwa kuna wadogo zetu wanakuja huku pia.

Huku sheria ya kupanga ya tarehe 6 Julai 1989 inasema wazi kwamba mwenye nyumba hawezi kumkataa mdhamini kwa sababu tu si raia wa Ufaransa au haishi Ufaransa bara. Ni kifungu kizuri sana. Kwa bahati mbaya ukikitaja mbele ya mwenye nyumba aliye na maombi ishirini mezani, anamchagua mwingine na hakwambii sababu. Kwa hiyo msisimamie hapo peke yake.

Nendeni kwenye Visale. Ni dhamana ya bure inayotolewa na Action Logement, shirika la makazi la huku, kwa vijana wa miaka 18 hadi 30, na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya muda mrefu anahusika. Kodi ya nyumba isivuke kikomo walichoweka. Cheti uwe nacho kabla ya kusaini mkataba, ukishasaini umechelewa. Ukiwa na Visale, mama yako Kasulu hasaini chochote, na mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Amana ni mwezi mmoja kwa nyumba tupu na isiyozidi miezi miwili kwa yenye samani.

*

Kutoka: Mzee wa Mwanga, Kigoma

Wanangu, nimesoma yote. Nilikaa dawati la mikopo benki hapa mjini mpaka nikastaafu, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa huku.

Binti, uliposema mjomba amekubali bila kuuliza, hapo ndipo niliposhtuka. Watu wetu wanamjua mdhamini vizuri kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na kwenye hii mikopo ya kausha damu: mwenzako akishindwa marejesho, wanakuja kubeba godoro lako. Lakini mtoto akiwa Ulaya, mtu huona anaandika barua ya kumtambulisha tu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamhesabu mdhamini sawasawa na mdaiwa, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na Waingereza msimamo wao hauko mbali na huo. Mpigie simu. Mtajie kiasi cha juu kabisa kwa shilingi, siyo kwa pauni. Na mke wake awepo mnapozungumza, kwa sababu siku ya kudaiwa ni nyumba yao wote wawili. Akiogopa baada ya kuelewa, mwache, na heshima ibaki palepale.

Akibaki na msimamo wake, vielelezo ndivyo hivi. Wakala ataomba bili ya umeme kuthibitisha makazi. Sisi tuna LUKU, tunanunua umeme kabla ya kuutumia, hakuna bili inayokuja nyumbani. Badala yake achukue barua ya utambulisho serikali ya mtaa, igongwe na mhuri kwa mtendaji, pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Kwa kipato, mfanyabiashara wa dagaa hana hati ya mshahara, kwa hiyo atume leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN), makadirio ya kodi ya mapato kutoka TRA na taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili. Msitume ya miezi mitatu. Kwenye mbalamwezi taa hazivuti dagaa, boti zinalala, na Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi kama mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, akaunti ya mvuvi mzima inaonekana kama ya mtu aliyefilisika. Mwaka mzima ndio unaoonyesha ukweli. Wekeni na barua fupi ya Kiingereza inayoeleza jambo hilo, maana mtu wa Leeds hawezi kulijua.

Nyumba nyingi za Mwanga na Ujiji hazina hati ya ardhi, zina karatasi za mauziano za mtaa. Msihangaike kuzitafsiri kama hati; zinazua maswali kuliko majibu. Barua za Kiswahili zitafsiriwe, na nakala zithibitishwe na wakili. Dhamana ikiwa ya aina inayohitaji shahidi, shahidi awe mtu asiye wa familia, aone kwa macho yake mjomba akisaini.

Na taarifa za benki zisitumwe kwenye WhatsApp ya mtu anayejiita wakala. Zipitie tovuti ya ofisi yenyewe, mkishahakikisha ofisi ipo.

*

Kutoka: Binti wa Gungu, Leeds

Asanteni sana. Mzee shikamoo, nimekusikia. Nimempigia mjomba jana usiku, na mkewe alikuwepo. Amesema yuko tayari kwa fungu langu tu, kwa kiasi kisichozidi kodi ya miezi mitatu, mkataba wa watu wanne hausaini. Nimeandika chuoni kuuliza mpango wao wa kudhamini, wamejibu upo na fomu inafunguliwa wiki ijayo. Mkataba wetu ni mmoja kweli, nimeuangalia. Wenzangu nao hawakuwa wanajua.

*

Kutoka: Kaka wa Ujiji, Birmingham

Mjomba amesema vizuri. Anza na chuo, wakikukubali huna haja ya kumgusa. Wakati unasubiri, nyote wanne ombeni wakala awape mikataba ya chumba kimoja kimoja. Wazazi wa wenzako wakiona mnachodaiwa watakuunga mkono. Pesa ya kushikilia nyumba usilipe mpaka ujue watakubali mdhamini gani, na jibu lao liwe kwa barua pepe. Ukipewa ukurasa wa dhamana utume hapa kabla hujausaini, futa majina na namba za akaunti, tuusome pamoja mstari kwa mstari. Niko nyumbani Jumamosi yote.