MREJESHO: Gari kutetemeka asubuhi ya baridi

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Mimi ndiye niliyelalamika kwamba gari yangu hapa Njombe ikiwashwa alfajiri inatetemeka kama ina homa, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, halafu baada ya dakika tano inatulia kana kwamba haijafanya lolote.

Wengi mlisema plagi. Nikabadilisha zote nne, kesho yake ikatetemeka vilevile. Fundi wa kwanza akataka ninunue koili zote (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi). Nikamwambia nitarudi (sikurudi).

Aliyesema hewa inavuja, Mungu akubariki. Fundi wa pili aliniomba gari ilale gereji, maana injini ikishapata moto ugonjwa unajificha. Saa kumi na mbili asubuhi akaiwasha, akawa anapuliza spirei ya kusafishia kabureta kidogokidogo kwenye mipira ya hewa, mbali na bomba la moshi kwa sababu ile dawa inawaka. Alipofika kwenye mpira mmoja mwembamba nyuma ya injini, mlio ukabadilika papo hapo, maana injini ilikuwa inaivuta ile spirei kupitia penye uvujaji. Akauchomoa, akaukunja mbele yangu: ufa kama wa wembe, na mpira wenyewe mkavu kama plastiki. Ukiwa baridi unaachia hewa, ukipata joto unalainika na kujiziba.

Mpira mpya shilingi 6,000. Plagi zilikula 60,000.

Leo siku ya tisa, inawaka na kutulia hapohapo. Plagi za zamani ninazo bado, zilikuwa nzima kabisa.