Chuoni kuna sapu, kidato cha nne kwa nini hakuna?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita Mei mwaka huu. Mjadala wa mitihani ya sekondari, ibadilishwe au iachwe ilivyo, nimekuwa nikiusoma kwa muda mrefu, na karibu wote wanaochangia ni wazazi, walimu na wabunge. Sisi tuliotoka juzi kwenye chumba cha mtihani tunatajwa kama asilimia ya ufaulu, basi. Naomba niseme la upande wetu.

Hoja yangu ni moja. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeteleza kwenye somo moja au mawili aruhusiwe kuyarudia ndani ya miezi michache, kabla wenzake hawajaingia kidato cha tano. Chuoni wanaita sapu. Mtu akikosa somo, haambiwi arudi nyumbani akae mwaka mzima. Anaitwa kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, anafanya, anaendelea. Mtu mzima wa miaka 22 anapewa nafasi hiyo. Mtoto wa miaka 17 hapewi.

Nilikaa dawati moja na binti mmoja tangu kidato cha kwanza. Alitaka PCB, yaani tahasusi (kundi la masomo matatu ya kidato cha tano) ya Fizikia, Kemia na Biolojia, na hakuwahi kusema anataka kitu kingine. Biolojia yeye ndiye alikuwa anatufundisha wakati wa prepo, ile saa ya kujisomea, anachora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na nyeupe mpaka mtu unaelewa damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Ilipofika praktikali ya Kemia ya taifa, tuliingia maabara kwa zamu kwa sababu vifaa havikutosha. Mimi kabla ya siku ile nilikuwa nimeshika bureti, mrija wa kioo wa kupimia wenye koki chini, mara mbili tu maishani: kwenye moko (mtihani wa majaribio), na wiki moja kabla ya mtihani. Yeye hivyo hivyo.

Kwa ambao hawakusoma sayansi: asidi inakaa juu kwenye bureti, besi inakaa chini kwenye chupa pamoja na matone mawili matatu ya methyl orange, dawa inayobadilika rangi kuonyesha asidi imetosha, na ndani ya besi rangi yake ni njano. Unafungulia tone kwa tone huku unaizungusha chupa. Pale pale inapoanza kugeuka rangi ya chungwa unafunga na kusoma kipimo. Koki ya bureti yake ilikuwa nzito. Alipoilazimisha, asidi ilishuka kwa mkupuo na chupa ikawa nyekundu, yaani asidi imezidi na kipimo kimeharibika. Akaosha, akaanza upya. Nyekundu tena. Nilikuwa meza ya pili kutoka kwake, niliuona mkono wake unatetemeka, na sikuruhusiwa hata kumtazama.

Matokeo yalipotoka, Biolojia A, Fizikia C, Kemia D. Divisheni two.

Mliosoma zamani naomba niwakumbushe hesabu yenyewe, maana hapa ndipo shida ilipo. C inaanzia 45. D ni 30 mpaka 44. Kidato cha tano wanataka C tatu, masomo ya dini hayahesabiwi, na masomo yako yawe yamekaa vizuri kwenye tahasusi unayoitaka. D kwenye cheti inaandikwa kama ufaulu, lakini kwa huyu mwenzangu aliyetaka PCB, D ya Kemia iliufunga mlango. Na Necta, Baraza la Mitihani la Tanzania, haitoi alama, inatoa herufi. Huyu mwenzangu huenda alipata 44, huenda alipata 31. Hatajua. Kama ni 44, basi kati yake na mimi hapakuwa na kitu zaidi ya koki nzito.

Mtu ataniambia kuna vyuo vya kati, kozi za afya zinapokea D, angeenda huko akawa tabibu. Ni kweli, na ni njia ya heshima. Ndugu yangu mwenyewe kapita huko na ninajivunia. Lakini hiyo njia inatakiwa mtu aichague, asisukumiwe kwa siku moja mbaya ya Novemba.

Akarisiti, yaani akarudia mtihani mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na hapa naomba wanaosema "si kuna kurisiti" wasome polepole. Mtahiniwa wa shule anaingia kwenye pepa akiwa na maendeleo yake: upimaji wa kidato cha pili, mitihani ya kidato cha tatu, moko, projekti, vyote pamoja vinabeba 30 kati ya 100, mtihani wa mwisho 70. Mtahiniwa wa kujitegemea hana hiyo 30. Mtihani ndio kila kitu. Hana darasa wala mwalimu wa taaluma wa kumfuatilia, na maabara anaitafuta mwenyewe kwa kulipia tuisheni. Yaani yule aliyeshindwa kwa kukosa mazoezi ya maabara tunamrudisha kwenye mtihani ule ule tukiwa tumemnyang'anya hata maabara kidogo aliyokuwa nayo. Alisubiri kuanzia mwisho wa Januari mpaka Novemba, akafanya, akasubiri tena mpaka Januari. Alipata C. Sasa anaingia kidato cha sita, na mimi ninaomba chuo.

Sasa tazameni kalenda. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka mwisho wa Januari. Kidato cha tano kinaanza Julai. Katikati hapo kuna miezi mitano ambayo nchi nzima hakuna anayeitumia kwa lolote la maana. Waliofaulu wanakaa nyumbani, wenye uwezo wanapelekwa pre-form five, masomo ya maandalizi. Waliokosa somo moja wanakaa nyumbani vilevile, ila wao wanalia. Mtihani wa nyongeza ukiwekwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, masomo yasizidi mawili, ufanyike katika shule aliyotoka mtahiniwa na maendeleo yake yakihesabiwa, huyu binti angeingia kidato cha tano pamoja na mimi.

Niliwauliza wenzangu wa bwenini kabla hatujaachana. Hawakukubaliana nami wote, na ni haki niseme walichosema. Mmoja wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kichwa kweli kweli, anataka mtihani wa mwisho upunguzwe uzito uwe nusu, nusu nyingine itoke darasani. Si wazo geni. Maendeleo ya darasani yalianza kuhesabiwa mwaka 1976, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuhusu elimu, kwa nia hiyo hiyo ya kutomhukumu mtoto kwa siku moja. Nilitamani kukubaliana naye. Lakini mimi najua projekti yangu ya Jiografia niliiandikaje. Niliiandika usiku mmoja, kwa kunakili daftari la kaka aliyenitangulia, kuhusu mmomonyoko wa kingo za mto ambao sijawahi kuuona. Mwalimu alikuwa na rundo la madaftari zaidi ya mia mbili mezani. Nikapewa 17 kati ya 20. Sijivunii, na simlaumu mwalimu. Ila ukiongeza uzito wa alama zinazopatikana namna hiyo, unawapa nafuu shule zinazojua kupamba karatasi, na mtoto wa shule ya kata ambaye mwalimu wake ni mwaminifu ndiye anaumia.

Mwingine akasema tatizo ni lugha, tumefundishwa kwa Kiswahili miaka saba halafu swali linakuja kwa Kiingereza. Nakubaliana naye kabisa, lakini hilo litachukua miaka mingi na mimi naongelea kitu kinachoweza kuanza Machi ijayo.

Wa tatu alinibana vizuri zaidi. Aliuliza: Hisabati je? Kila mwaka Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi kuliko mengine. Ukifungua mlango wa sapu, Hisabati peke yake itajaza vyumba, na Necta itakuwa na mtihani wa pili mkubwa karibu kama wa kwanza, wakati huo wa kwanza tayari una watahiniwa zaidi ya nusu milioni. Nililala na swali hilo siku mbili. Jibu langu ni kwamba tuanze kwa wembamba: sapu iwe kwa aliyekwisha pata C mbili na anakosa ya tatu, au anayekosa somo moja la tahasusi yake. Hisabati kwa anayekwenda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) isubiri. Haitamfurahisha kila mtu, na mimi mwenyewe nina rafiki ambaye utaratibu huu utamwacha nje.

Wanaosema watoto watabweteka wakijua kuna sapu, nawajibu kwamba chuoni sapu inaishia C, hata ukipata 90. Tuweke hivyo hivyo. Anayetaka A ataitafuta Novemba. Wanaosema cheti kitashuka hadhi, naomba mkumbuke yaliyokwisha kufanyika. Matokeo ya mtihani wa 2012 zaidi ya nusu walipata divisheni sifuri, kisha Mei 2013 serikali ikayafuta na alama zikapangwa upya. Mwaka 2014 divisheni zikaondolewa ikaja GPA (wastani wa pointi), na mwanzoni mwa 2016 divisheni zikarudi. Januari 2023 Necta ikaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Vyeti vya miaka yote hiyo vinaheshimiwa mpaka leo. Lakini mara zote tulichobadilisha ni namna ya kuhesabu na namna ya kutangaza. Siku ya pili ya kujaribu hatujawahi kumpa mwanafunzi.

Swali ambalo sina uwezo nalo ni la usahihishaji. Walimu mnaosahihisha mnakusanywa kwenye vituo wakati shule zimefungwa, Desemba. Machi na Aprili mko darasani, na Mei kidato cha sita wanaanza mtihani wao. Kuna mtu alipendekeza sapu iunganishwe na mtihani wa kidato cha sita ili wasimamizi na ulinzi viwe ni vile vile. Kwa gharama lingesaidia, lakini matokeo yangetoka Julai, na tutakuwa tumerudi pale pale pa mtu kuchelewa. Nawaomba nyie mliowahi kukaa kwenye vituo vile mniambie: script za somo moja, watahiniwa wachache, likizo fupi ya katikati ya muhula, zinasahihishika kwa siku ngapi?