Naomba ushauri: saikolojia na kriminolojia kwa pamoja Uingereza, nikirudi Mbeya nitafanya kazi wapi?

Binti wa Uyole:

Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nina daraja la pili. Kwa sasa niko nyumbani Uyole namsaidia mama biashara ya viazi. Mjomba wangu anaishi Leicester na amekubali kunisomesha Uingereza. Kozi ninayoitaka ni shahada moja yenye saikolojia na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ndani yake.

Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wanauawa Njombe kwa imani za kishirikina, nilikuwa nasoma shule ya msingi Makambako, naishi kwa shangazi. Wazazi walikuwa wanatusindikiza shule kwa zamu. Watu wazima walikuwa wanauliza nani kafanya. Mimi nilikuwa najiuliza mtu anafikaje mahali pa kuamini kwamba damu ya mtoto wa jirani italeta utajiri, na kwa nini imani hiyo inapata wateja huku kwetu kila baada ya muda. Hilo la kwanza naona ni la saikolojia na la pili ni la kriminolojia, ndiyo maana sitaki kuacha mojawapo.

Baba anasema nitarudi na cheti ambacho hakuna ofisi Mbeya inayokijua, bora nikasome sheria Iringa. Wakala mmoja hapa mjini anasema kozi hizi zote ni sawa tu, nitoe hela anijazie fomu. Naombeni mawazo kabla mjomba hajalipa chochote. Nawasilisha.

Mwakaleli Asilia:

Binti, msikilize mzee. Sheria utaajiriwa, utajiajiri, hata kijijini watakutafuta. Hiyo nyingine utaeleza mpaka uchoke.

Mnyalu wa Kihesa:

Kamwene mdogo wangu. Nimesoma saikolojia hukohuko na sasa niko kazini Iringa, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua.

Huyo wakala anakupotosha. Kozi hazifanani hata kidogo, na tofauti yenyewe huioni kwenye jina. Uingereza kuna Chama cha Wanasaikolojia, BPS, ambacho hukagua shahada na kuzipa ithibati. Ukimaliza shahada yenye ithibati hiyo, na ufaulu usiopungua daraja la pili la chini, unapata msingi wa uanachama wanaouita GBC. Bila huo msingi, shahada za uzamili za saikolojia ya jinai zilizothibitishwa hazikupokei mpaka upitie kwanza kozi nyingine ya kuziba pengo. Sasa, ziko shahada za "kriminolojia na saikolojia" ambazo sehemu ya saikolojia ni ndogo mno, na hazina ithibati. Mwanafunzi anasoma miaka mitatu, anatoka amefurahi, halafu mlango anaoutaka umefungwa. Ingia kwenye tovuti ya BPS mwenyewe, tafuta kozi kwa jina lake kamili na chuo chake. Wakati mwingine chuo kimoja kina kozi mbili, moja imo na nyingine haimo.

Pia elewa kwamba shahada ya kwanza haikufanyi mwanasaikolojia wa jinai. Kule hilo ni jina linalolindwa na sheria, lazima uwe umesajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Baada ya shahada kuna uzamili, na baada ya uzamili kuna miaka ya mafunzo kazini chini ya msimamizi. Nafasi nyingi za mafunzo hayo ziko kwenye magereza yao, na kuna upekuzi wa usalama ambao mgeni hupata shida kuupita. Usipange maisha yako juu ya nafasi hizo.

Kuhusu kusoma yote mawili, nakuunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt aliandika kwamba vijana wengi wanaovunja sheria huacha wenyewe wakikua, ila kuna kundi dogo ambalo huanza utotoni na kuendelea maisha yote. Saikolojia inakufundisha kumtazama huyo kijana: malezi, akili, hasira, alivyotendewa akiwa mdogo. Kriminolojia inakuuliza nani alimkamata, kwa nini yeye na siyo mwenzake wa mtaa wa pili, na adhabu aliyopewa ilimfanya nini. Mtu aliyesoma upande mmoja tu huwa ana majibu mepesi sana.

Swali moja: hisabati ya kidato cha nne ulipata ngapi? Saikolojia ya kule ina takwimu nyingi, majaribio na uchambuzi kwenye kompyuta, kuanzia mwaka wa kwanza. Vyuo vingi huangalia hilo, na watu wa HGL hushtuka wakifika.

Binti wa Uyole:

Hisabati nilipata C, kaka. Nitaangalia hiyo orodha leo usiku.

Mama Wawili Forest:

Mwanangu, na mimi nina kijana huko, niseme ya hela maana watu huyaruka.

Mjomba asihesabu ada peke yake. Kuna tozo ya afya, kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na zote zinalipwa kwa mkupuo wakati wa kuomba. Kuna hela ya kujikimu ya kuonyesha benki, nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi kwa miezi 9, na lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Sisi Watanzania tunapimwa kifua kikuu pia. Kazi wakati wa masomo ni saa 20 kwa wiki, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utajilipia ada kwa kuosha vyombo. Na ile ruhusa ya kubaki baada ya shahada, iliyokuwa miaka miwili, inakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Wewe utakuwa kwenye hiyo.

Huyo wakala usimpe hata mia. Mawakala wa kweli hulipwa na vyuo. Maombi unafanya mwenyewe kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi ya vyuo.

Afisa Ustawi Nyanda:

Mdogo wangu, mwambie baba kwamba kazi iko hapahapa Mbeya. Shule ya Maadilisho Irambo iko mkoani kwetu, ndiko wanakopelekwa watoto waliopatikana na hatia mahakamani. Tuna pia mahabusu ya watoto. Tuna Gereza la Ruanda katikati ya jiji. Na wagonjwa wa akili waliotenda makosa wanapelekwa taasisi ya Isanga, kwenye hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Nikwambie kazi ilivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mahakama ipate taarifa ya ustawi kuhusu mtoto kabla ya kuamua. Afisa anakwenda nyumbani kwa mtoto, anakaa na bibi, anaongea na mwalimu, na balozi wa nyumba kumi, na mwenye duka aliyeibiwa. Halafu anaandika kurasa chache ambazo hakimu atazisoma, na mtoto atarudi nyumbani au hatarudi kwa sababu ya kurasa hizo. Wanaoandika vizuri ni wale wanaojua kumsikiliza mtoto aliyejifunga mdomo, na wakati huohuo wanajua sheria na mfumo unavyotembea. Hao ni wachache mno, na inaniuma.

Ila ukweli lazima nikupe: cheo kinachoitwa "mwanakriminolojia" hutakiona kwenye tangazo la ajira la halmashauri. Utaingia kwa saikolojia au ustawi wa jamii, kriminolojia utaitumia ukishaingia. Kwa hiyo ushauri wa kaka wa Kihesa kuhusu uzito wa saikolojia una maana hata kwa huku nyumbani. Na ukirudi, peleka cheti Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kitambuliwe kabla hujaanza kuomba kazi serikalini.

Mwakaleli Asilia:

Hapo kwa mahakama ya watoto nimeelewa. Lakini kwa nini asianzie hapa? Chuo Kikuu cha Iringa kina saikolojia ya unasihi, halafu hela ya mjomba imsomeshe uzamili wa mwaka mmoja.

Mnyalu wa Kihesa:

Ni njia nzuri, mzee, na kwa familia isiyo na mjomba ningesema ndiyo hiyo. Kasoro yake ni ile GBC, huenda akaambiwa apitie kwanza kozi ya kuziba pengo. Kwa kuwa ada ya miaka mitatu ipo, mimi ningemwacha aende, lakini kwenye kozi yenye ithibati tu. Akikosa hiyo, Iringa kwanza.

Binti wa Uyole:

Ndaga fijo wakubwa zangu. Nimepitia orodha ya BPS, kati ya kozi nne alizonipa wakala mbili hazimo. Nimemtumia mjomba zile mbili zilizobaki. Dada Afisa, naweza kwenda Irambo kujitolea hata wiki chache kabla ya maombi? Nataka baba anione nikifanya hii kazi.

Afisa Ustawi Nyanda:

Usiende moja kwa moja, watakurudisha getini. Andika barua ya kuomba kujitolea, ambatisha cheti cha kidato cha nne na barua ya mtendaji wa mtaa, anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya jiji. Na simu uiache nyumbani siku hiyo, picha na majina ya watoto hayatoki mle ndani kwa namna yoyote.